Somo la Mipini: Jinsi Forodha Inavyozitaja Zana za Mti

Mwezi huu nataka tuketi pamoja kama darasani tujifunze jambo ambalo wengi hudhani ni kazi ya makarani wa bandari ya Mombasa tu. Jambo lenyewe ni hili: mpini wa jembe, au reki ya mti, au nira ya ng'ombe, ikivuka mpaka huitwa kwa namba gani, na kwa nini namba hiyo ina faida au hasara kwetu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana kikundi kimoja cha jirani zetu kilichonga mipini 300 ya majembe kwa miti ya mulului na muuku, ambayo sote twajua haivunjiki upesi. Mnunuzi alikuwa ng'ambo, Tanzania, na bei waliyopatana ilikuwa shilingi 150 kwa mpini mmoja, yaani shilingi 45,000 kwa jumla. Wakaja ofisini niwaandikie karatasi, maana mimi ni karani, na kabla ya ukarani nilisomea ualimu, basi watu hudhani najua kuandika kila kitu. Niliandika hivi: "Zana za kilimo, majembe, 300." Kwangu mimi jembe na mpini wake walikuwa kama mtu na ndugu yake, wa nyumba moja.

Mpakani afisa alifungua mzigo, akatafuta majembe asiyaone. Akasema, "Cheti chasema chuma, na mzigo huu ni miti mitupu." Cheti kilichopigwa muhuri kwa ajili ya majembe hakikuweza kusaidia mipini. Mzigo ukalala siku mbili, mnunuzi akalipishwa ushuru ambao hakupaswa kuulipa, na gharama hizo akazikata katika fedha zetu. Wale jirani walipokea shilingi 33,500. Hesabu yake ni nyepesi, walipoteza 11,500, na hakuna aliyewaibia. Ni neno moja la karani. Tangu siku ile nimekisoma kitabu cha forodha jioni nyingi, na haya nitakayoyaeleza ndiyo niliyoyapata.

Kitabu kimoja kwa dunia nzima

Zamani kila nchi ilikuwa na namna yake ya kuandika bidhaa. Siku hizi nchi nyingi sana za dunia hutumia orodha moja, iliyotengenezwa chini ya shirika la forodha lenye makao yake Brussels, nchini Ubelgiji. Mkataba wa orodha hiyo uliafikiwa mwaka 1983 ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kwa Kiingereza orodha hiyo huitwa kwa kifupi HS, na wakala wa forodha akikuuliza, "HS yako ni ngapi?" ndiyo anayoitaja.

Kila kitu kina namba. Tarakimu mbili za kwanza ni sura ya kitabu. Mbili zinazofuata ni fungu ndani ya sura, na mbili nyingine ni tawi la fungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zake mwishoni, jumla nane. Sura ya 44 ni ya mti na vitu vya mti. Sura ya 82 ni ya zana za mkono za chuma, visu na vijiko. Shikeni namba hizi mbili, 44 na 82, maana somo letu lote limo kati yake.

Nchi za Jumuiya yetu zilianza kutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje tarehe 1 Januari 2005. Viwango vilikuwa vitatu: bila ushuru, asilimia 10, na asilimia 25. Mwezi wa Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35. Kitu cha thamani ya shilingi 100,000, tukihesabu bei pamoja na nauli na bima, kikiwa katika kiwango cha 10 hutoza shilingi 10,000. Kikihamishwa kwa kosa mpaka kiwango cha 25, ni shilingi 25,000. Kitu ni kile kile na kazi yake ni ile ile, ila mtu amelipa 15,000 zaidi kwa sababu ya tarakimu. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, hasa mwezi wa Julai baada ya bajeti, kwa hiyo msikariri asilimia. Shikeni namba ya kitu, kisha muulize kiwango chake cha mwaka huo.

Swali la kuuliza: ni sehemu ipi inayofanya kazi?

Chukua jembe lako ulisimamishe mbele yako. Kwa urefu, mti ni mwingi kuliko chuma. Mtu asiyejua angesema ni kitu cha mti. Lakini forodha haiulizi kipi ni kirefu, huuliza ni sehemu ipi inayoingia udongoni. Sura ya 44 ina agizo lisemalo kwamba zana ambayo ubavu wake wa kukatia, makali yake, au sehemu yake yoyote ya kufanyia kazi ni ya chuma, haiingii katika fungu la zana za mti. Kwa hiyo jembe, sururu na reki ya chuma ni 8201.30. Shoka na panga ni 8201.40. Sepetu ni 8201.10. Msumeno wa mkono ni 8202.10, na nyundo ya chuma ni 8205.20. Kuwa na mpini wa mti hakubadilishi kitu, na kukosa mpini hakubadilishi kitu pia. Kichwa cha jembe kitupu kutoka kiwandani ni jembe, 8201.30.

Sasa fikiri juu ya reki ambazo baadhi yetu huzitengeneza nyumbani: kipande cha ubao, mpini mrefu, na misumari ya nchi sita iliyopigiliwa iwe meno. Karibu yote ni mti. Lakini kinachokwaruza majani ni misumari, na misumari ni chuma, basi reki hiyo huhamia Sura ya 82. Ukiyatengeneza meno kwa vijiti vya mti mgumu, hurudi Sura ya 44. Nimewauliza watoto wa jirani swali hili wakalijibu vizuri kuliko mimi nilivyolijibu mwaka jana.

Fungu la mipini

Fungu tunalolitaka ni la 4417. Katika kitabu cha Jumuiya huandikwa 4417.00.00, na masufuri hayo maana yake fungu halikugawanywa matawi. Humo mna zana ambazo ni za mti kabisa: nyundo ya mti ya fundi, reki ya meno ya mti, uma wa mti wa kugeuzia nyasi, koleo la mti la kuchotea nafaka. Humo pia mna mipini ya zana, iwe ya jembe, ya shoka, ya nyundo au ya tupa, na miili ya zana kama ule mti wa randa ya seremala kabla haujatiwa chuma. Humo mna mipini ya mifagio na ya brashi. Na humo, jambo lililonichekesha, mna yale maumbo ya mti ya mguu wa mtu ambayo fundi viatu huvishia kiatu anapokishona. Mpini wa jembe na mguu wa fundi viatu hulala chumba kimoja.

Mtu atauliza, "Kwa nini mpini usihesabiwe kuwa sehemu ya jembe ukaifuata namba ya jembe?" Ni swali la haki, na ndilo lililonikosesha. Sura ya 82 inakubali sehemu za zana zake ziifuate zana, lakini zile sehemu za chuma tu. Mpini wa mti ukisafiri peke yake hauna urithi katika nyumba ya chuma. Ni 4417, basi.

Namna ya kufika huleta tofauti nyingine, na ushirika unaoagiza zana kutoka nje ya Afrika Mashariki uiangalie sana. Vichwa 500 vya majembe vikifika pamoja na mipini 500 yake, hata kama haijatiwa, forodha huyahesabu kuwa majembe 500 kamili yaliyofunguliwa kwa ajili ya safari. Yote ni 8201.30. Lakini mkiagiza vichwa 500 na mipini 700, ile 200 iliyozidi ni mipini tu, nayo huandikwa mstari wake wa 4417. Asiyeitenga huonekana kama anaficha, na kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa la jinai hata pale ambapo mtu alikosea kwa uvivu wa kuhesabu.

Tena kuna mpini usio wa 4417. Mpini wa plau ya ng'ombe, hata ukiwa wa mti, huhesabiwa kuwa sehemu ya plau, na plau ni mashine ya kilimo, Sura ya 84. Sehemu zake ni 8432.90. Vivyo hivyo mikono ya mti ya toroli huifuata toroli mpaka Sura ya 87. Sura ya 44 imekataa wazi kupokea sehemu za mashine na za magari. Zana ya mkono na chombo cha kukokotwa si ukoo mmoja.

Mti mmoja, namba nne

Hapa ndipo penye fedha yetu, kwa hiyo someni polepole. Tuseme umekata mti wa muuku shambani mwako. Gogo lake, likiwa limebanduliwa magamba au halikubanduliwa, ni 4403. Ukilipasua kwa msumeno liwe mbao au vipande vinene kupita milimita 6, ni 4407, hata kama nia yako ni kuvifanya mipini baadaye. Ukikata fito na kuzisawazisha kwa panga tu, ukatoa vijiti na vifundo, zikawa fimbo zinazofaa kufanyiwa mipini lakini hazijachongwa umbo, ni 4404.20, maana mti wetu si wa jamii ya msonobari. Ukiendelea ukauchonga mpini, ukauacha mnene upande wa kichwa ili jembe lisichomoke na mwembamba mahali pa kushika, hapo ni 4417.

Je, mpini ambao haujapigwa msasa wala kupakwa mafuta? Kanuni ya kitabu yasema kitu kisichomalizika huhesabiwa kama kilichomalizika, ikiwa tayari kina sura na tabia ya kitu chenyewe. Umbo la mpini likionekana, ni mpini. Msasa hauhamishi namba, lakini tezo huihamisha.

Kwa hiyo mkiandika "miti" au "fito" juu ya mipini iliyochongwa, mmejivunjia bei, maana mnunuzi hulipa kazi ya mikono kupita mti. Tena mmejiletea maswali ya watu wa misitu ambao hutaka kujua gogo lilitoka wapi. Hao wana haki ya kuuliza. Kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha, fikeni ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya mpate kibali kinachotakiwa. Na mpingo una sheria yake: tangu tarehe 2 Januari 2017 aina zote za jamii yake zimo katika orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo msipakie mipini ya mpingo kwenda nje kabla ya kuiuliza Huduma ya Wanyamapori, KWS. Kwa maoni yangu mpingo wenyewe si wa mipini. Ni mzito, tena umebaki haba.

Vitu vingine vya nyumba zetu

Nitavipitia kwa haraka. Mzinga wa nyuki, wa mwatu au wa fremu, si zana kwa hesabu ya forodha. Ni kitu kingine cha mti, fungu la 4421, na nira ya ng'ombe iko hapo hapo. Mwiko na bakuli la mti ni vyombo vya jikoni, 4419. Twiga na simba wa kuchongwa, kama wale ambao wachongaji wa Wamunyu wamewapeleka duniani kote, ni mapambo, 4420. Bakora ni 6602. Kigoda cha kukalia ni fanicha, Sura ya 94. Ufagio uliokamilika ni 9603, ingawa mpini wake ukiwa peke yake ni 4417 kama tulivyoona.

Kuuza ng'ambo ya mpaka

Wazee wetu wanakumbuka kwamba Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983. Miaka hiyo somo hili lisingekuwa na maana kwa mkulima wa Kibwezi. Leo njia zipo mbili karibu nasi: kwenda Emali kisha Oloitokitok mpaka Tarakea, au kwenda Voi kisha Taveta mpaka Holili.

Bidhaa iliyotoka yote katika nchi ya Jumuiya, kama mpini wa mti ulioota shambani mwako ukachongwa na mkono wako, huingia nchi nyingine ya Jumuiya bila ushuru wa forodha, maadamu ina cheti cha mahali ilikotoka. Kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna utaratibu mwepesi: ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, afisa wa forodha hukupa cheti chepesi hapo hapo mpakani, na huhitaji wakala. Mzigo ukizidi thamani hiyo, cheti kamili huombwa kwa Mamlaka ya Mapato, KRA, kabla ya safari. Kodi nyingine za nchi ya mnunuzi, kama ile ya VAT, ni habari nyingine. Patana naye mapema ni nani atakayeilipa.

Orodha ile husomwa kwa jina na namba. Ukiuliza "zana zimo?" utajibiwa juu ya zana. Uliza hivi: "Mipini ya mti ya zana za mkono, 4417, imo?" Uulize kabla ya kukodi gari. Na pale ambapo kitu kinabishaniwa, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kama ilivyorekebishwa, inakupa nafasi ya kuiandikia forodha mapema, ukieleza kitu chako na matumizi yake, ili ikupe uamuzi wa maandishi juu ya namba yake. Kikundi kinachotaka kuuza kila msimu kifanye hivyo mara moja, kiitunze barua hiyo kama hati ya shamba.

Namna ya kuandika karatasi ni hii. Taja kitu, taja kimefanywa kwa nini, taja ni cha kazi gani, kisha idadi na thamani: "Mipini ya majembe ya mkono, ya mti wa muuku, iliyochongwa, bila vichwa vya chuma, 300, shilingi 45,000." Yale maneno "bila vichwa vya chuma" ndiyo niliyoyakosa mwaka jana.

Maswali ya kujipima

Funika majibu kwa mkono, ujibu kwanza, au msomee mwenzako asiyesoma muamue pamoja.

1. Mama mmoja ana shoka zima lenye mpini mpya alioutia jana. Ni Sura ipi?

2. Kikundi kina fito 200 za mulului zilizosawazishwa kwa panga, hazijachongwa. Je, ni 4417?

3. Fundi ametengeneza nyundo ya mti kichwa na mpini, kisha amekizungushia kichwa pete ya bati kisipasuke. Anagonga kwa uso wa mti. Ni namba gani?

4. Mzee ana mipini miwili ya mti ya plau yake. Aiandike 4417?

5. Ushirika umepokea vichwa 100 vya majembe na mipini 120 katika sanduku moja. Mistari mingapi katika karatasi?

Majibu. La kwanza, Sura ya 82, maana makali ni chuma. La pili, hapana, ni 4404.20 mpaka umbo la mpini litokee. La tatu, 4417; pete ya bati hulinda tu, uso unaogonga ni mti. La nne, hapana, ni sehemu ya plau, 8432.90. La tano, mistari miwili: majembe 100 kwa 8201.30, na mipini 20 kwa 4417.